Kidato cha kwanza: Januari mikono juu, Mei kimya. Hamu ya Kiingereza inaishia wapi?

Mwl_KidatoKwanza:

Walimu wenzangu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi.

Swali langu linahusu wanafunzi wa kidato cha kwanza katika shule za kata hapa Tanzania, wale waliosoma la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili. Januari wanaingia na hamu kubwa. Wananunua kamusi, wanaandika "My English Notebook" kwenye jalada, na ukiuliza swali mikono inajaa. Ikifika Mei mikono imebaki minne au mitano, ileile kila siku. Wengine wananakili ubaoni vizuri kabisa, mwandiko safi, lakini ukimwambia mmoja akueleze alichonakili anakutazama tu. Kufikia Septemba utoro unaanza, hasa siku yenye vipindi viwili vya Kiingereza.

Darasa lina wanafunzi 84, kipindi ni dakika 40, kitabu cha kiada kimoja kwa wanafunzi wanne. Projekta hakuna. Kwenye vikao jibu ni moja tu: watoto wa siku hizi wavivu. Sikubaliani nalo, kwa sababu mvivu hawezi kunakili kurasa tatu bila kuruka herufi. Naomba wanaolijua jambo hili waeleze ni nini hasa kinachoua hamu, na ndani ya dakika hizo 40 tuanze na kipi.

ChakiNyeupe:

Mwalimu, uvivu weka kando. Anza na hesabu ya maneno.

Watafiti wa usomaji, akiwemo Paul Nation wa New Zealand, wameonyesha kwamba ili mtu asome peke yake na kuelewa anahitaji kujua takriban maneno 98 katika kila 100 ya andiko. Akijua 95 atajikongoja kwa msaada wa mwalimu au kamusi. Chini ya hapo anakisia. Sasa fungua kitabu cha kidato cha kwanza uangalie ni maneno mangapi yanamkwama mtoto aliyetoka la saba. Usishangae yakifika robo ya ukurasa. Hapo bidii haileti tofauti: aliyekesha na daftari na aliyelala mapema wote wanafika darasani hawajaelewa. Mtoto akiligundua hilo, ndipo anaposhusha mkono.

Pima kwanza, usikisie. Chagua kifungu cha maneno 100 kamili kwenye kitabu wanachotumia, ukiandike ubaoni kabla ya kipindi. Kila mmoja akinakili na apigie mstari kila neno asilolijua, bila kuandika jina. Waambie wazi kwamba hakuna alama, la sivyo wataficha. Halafu chagua maneno matano ambayo wengi hawakuyapigia mstari, waandike maana yake kwa Kiswahili nyuma ya karatasi. Hapo ndipo utakapoona kwamba "since", "although" na "such" wanayafahamu kwa sura tu. Panga karatasi kwa mafungu matatu: mistari 0 hadi 5, 6 hadi 15, na zaidi ya 15. Fungu la tatu ndilo linalonyamaza Mei.

Baada ya hapo fundisha maneno matano kwa siku, si ishirini. Mwaka wa shule una siku 194. Hata theluthi ikipotea kwa mitihani, michezo na shughuli nyingine, bado umefundisha maneno zaidi ya 600. Kinachoharibu kazi ni kufundisha neno mara moja na kulitupa. Lirudi kesho yake, lirudi baada ya siku tatu, baada ya wiki, na baada ya mwezi. Karatasi ya daftari ukiikunja nusu mara tatu inatoa vipande 8: upande mmoja neno na sentensi fupi, upande wa pili maana. Kila Ijumaa dakika 10 wanaulizana wawili wawili. Kipande alichokijua mara nne mfululizo kinahamia fungu la "ninayoyajua", na kinafungwa kwa mpira.

Fungu hilo lina kazi kubwa kuliko linavyoonekana. Mtihani unampa 23 kwa 100, na namba hiyo haimwambii kwamba Machi alikuwa na maneno 90 na leo ana 300. Fungu linalonenepa mkononi linamwambia kila wiki.

Tena, wiki ya kwanza usianze na wasichokijua. Wape dakika 15, makundi ya watu sita, waorodheshe maneno ya Kiswahili yaliyotoka Kiingereza: shati, sketi, soksi, baiskeli, tiketi, penseli, benki, fenicha, redio, kompyuta. Arobaini hayawashindi. Halafu kando waandike tahajia ya Kiingereza. Somo la matamshi linajitokeza lenyewe: Kiswahili kimeongeza irabu mwishoni, Kiingereza hakina. Anayesema "ticketi" anaona mwenyewe irabu ile imetoka wapi.

BaioNaKemia:

Nichangie kutoka upande wa sayansi, maana walimu wa Kiingereza wanabebeshwa mzigo ambao nusu yake ni wetu. Vipindi vya Kiingereza ni vichache kwa wiki, lakini mwanafunzi anakutana na Kiingereza karibu kila somo. Hamu nyingi inafia kwetu, halafu lawama zinakwenda kwenye somo la lugha.

Tazama sentensi ya kawaida kabisa ya Baiolojia: "Photosynthesis is the process by which green plants manufacture their own food using sunlight energy." Maneno 15. Mwalimu anatumia dakika kumi kueleza "photosynthesis", neno kubwa lililopigiwa mstari. Lakini hilo sio kikwazo. Ni usanisinuru, na kitu chenyewe mtoto alishakisoma shule ya msingi. Kikwazo ni "process", "by which" na "manufacture", maneno madogo ya katikati ambayo hakuna mwalimu anayejiona ana jukumu la kuyaeleza. Wa Baiolojia anasema ni lugha, wa lugha anasema ni Baiolojia.

Dawa ni kuivunja sentensi kabla ya kuiunda. Dakika tano za kwanza uliza kwa Kiswahili wanajua nini kuhusu mmea kujitengenezea chakula. Kisha andika ubaoni: "Plants make food. They use sunlight. This is called photosynthesis." Wasome, wafunike, waandike bila kutazama. Ndipo weka sentensi ya kitabu chini yake, na uwaulize "manufacture" imechukua nafasi ya neno gani hapo juu. Wataona ni "make". "Process by which" eleza kwa Kiswahili mara moja tu, "njia ambayo kwayo", na itafutie mifano miwili mingine. Inakula dakika 12 hivi. Sura nzima ina sentensi kama hizo tano au sita zinazobeba somo. Nyingine zitasomeka zenyewe.

Jambo la pili ni vitenzi vya maswali ya mtihani. Watoto wanapoteza alama kwenye kitu wanachokijua kwa sababu hawajui wameambiwa wafanye nini. "State" ni taja. "Outline" ni taja kwa mpangilio na maelezo mafupi. "Describe" ni eleza kilivyo. "Explain" ni fafanua kwa nini au kwa vipi. "Distinguish" ni tofautisha, na lazima pande zote mbili zionekane. "Account for" ni toa sababu, ila wengi wanaona "count" ndani yake wanaanza kuhesabu vitu. Andikeni orodha moja ya vitenzi 12 na ibandikwe kila darasa, walimu wa masomo yote wakubaliane maana zake. Mtoto anayepata sifuri kwa swali ambalo jibu lake alikuwa nalo hakati tamaa na swali hilo tu, anaanza kuamini hana akili.

Mwl_KidatoKwanza:

Asante sana wakuu. BaioNaKemia, hapo kwenye kutumia Kiswahili ndipo penye hofu. Mthibiti ubora akiingia akakuta mwalimu anaeleza kwa Kiswahili?

BaioNaKemia:

Ni hofu ya kweli, mwalimu. Lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, na mjadala wake ni wa zamani. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ikapendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike hadi sekondari, ikakataliwa. Sera ya Elimu ya 2014 ikaligusa tena. Kwa mtaala mpya Kiingereza kama somo kinaanzia darasa la kwanza badala ya la tatu, lakini hawa wa kidato cha kwanza wa sasa hawakupitia huko. Wao wanahitaji daraja leo.

Kwenye andalio la somo andika lengo kwa Kiingereza: kufikia dakika ya 40 mwanafunzi aweze kusema au kuandika sentensi ipi. Kiswahili kinaingia mwanzoni kuamsha anachokijua, na katikati palipokwama. Mwisho wa kipindi kila daftari liwe na sentensi mbili za Kiingereza ambazo mtoto ametunga mwenyewe. Hilo unaweza kulitetea mbele ya yeyote.

Kisichofaa ni kutafsiri kila sentensi, Kiingereza kisha Kiswahili, Kiingereza kisha Kiswahili. Ndani ya wiki mbili masikio ya watoto yanaacha kabisa kusikiliza upande wa Kiingereza, kwa sababu wanajua Kiswahili kinakuja.

Dada_Sarufi:

Mmesema vizuri kuhusu kuelewa. Mimi nizungumzie aibu, kwa sababu aliyeelewa naye ananyamaza.

Chukua sentensi hii ya mwanafunzi: "Yesterday my mother she go to market for buy fish." Kalamu nyekundu inazungushia "she", inazungushia "go", inaongeza "the" kabla ya "market", inakata "for buy". Alama nne kwenye mstari mmoja. Mtoto akipokea insha ya mistari kumi ya namna hiyo hasomi hata sahihisho moja, anafunga daftari.

Sasa iweke kando ya Kiswahili chake: "Jana mama yangu alikwenda sokoni kununua samaki." Ile "she" ni kiambishi a- cha "alikwenda", kwa Kiswahili huwezi kukiacha hata kama mama ametajwa. "Go" haikubadilika kwa sababu kwetu wakati uliopita unabebwa na -li- na mzizi wa kitenzi unabaki vilevile. "The" haipo katika Kiswahili. "For buy" ni jaribio la kuitafsiri ku- ya "kununua". Hakuna hata kosa moja la kubahatisha hapo. Mtoto amefuata sarufi anayoijua, tena kwa usahihi. Mwambie hivyo, kwa maneno hayohayo, uone uso wake unavyobadilika. Kutoka hapo kazi inakuwa kuonyesha lugha mbili zinavyoachana, na wanafunzi wanaipenda kazi hiyo kwa sababu nusu ya ujuzi wanao tayari.

Kwenye kusahihisha, wiki moja iwe na lengo moja. Kama ni wakati uliopita, zungushia "go" peke yake na uache mengine. Yaandike kwenye daftari lako, yatakuwa malengo ya wiki zijazo. Halafu chini ya insha andika swali moja la maana: "What kind of fish did she buy?" Ajibu kwenye zoezi linalofuata. Swali hilo linamwambia kuna mtu alisoma habari zake, hakuja kuwinda makosa tu.

Kuna kosa jingine linaloumiza zaidi ya yote. Mwalimu anauliza, "Haven't you finished?" Mtoto anajibu, "Yes, teacher," akimaanisha ndiyo, sijamaliza, kama anavyojibu kwa Kiswahili. Mwalimu anafungua daftari anakuta tupu, anaona amedanganywa. Mtoto anaadhibiwa kwa kusema ukweli. Fundisheni mapema "No, I haven't", na kabla hamjaifundisha msiwaulize maswali ya kukanusha.

Kuhusu kusoma kwa sauti: msimsimamishe mtoto asome peke yake kifungu ambacho hajakiona. Kiswahili kina irabu tano na kinasomwa kama kilivyoandikwa. Anapokutana na "ship" na "sheep", au "though" na "tough", hana namna ya kujua. Wasome na jirani dakika mbili kwanza, mwalimu asome mara moja, ndipo aombwe anayetaka kujaribu. Na sheria ya kutocheka itangazwe siku ya kwanza, isimamiwe na mwalimu mwenyewe, maana kicheko kimoja cha darasa zima kinanyamazisha mtoto muhula mzima.

Mwl_Bonde:

Salamu kutoka Kenya. Huku mabadiliko ya lugha hutokea mapema zaidi, kuanzia darasa la nne, na bado hali ni kama mnayoieleza. Ningependa kuongeza moja tu: kibao cha kuvishwa shingoni mwanafunzi aliyesikika akizungumza lugha ya mama au Kiswahili. Kuna shule zingali na desturi hii, au adhabu zinazofanana nayo. Kibao hakiongezi sentensi hata moja ya Kiingereza. Mtoto asiye na maneno huwezi kumtisha akayapata. Hunong'ona, au hukaa kimya toka asubuhi hadi kengele ya mwisho, na kazi yake inakuwa kumtafuta mwenzake wa kumpasia kibao.

Badala yake wapeni sentensi za kuishi nazo shuleni, ishirini tu, zibandikwe ukutani kwa herufi kubwa: "May I go out?" "Please repeat slowly." "I have not understood the second part." "How do you say 'ufagio' in English?" Hiyo ya mwisho ndiyo ufunguo. Mwenye sentensi hiyo mdomoni anaweza kuuliza neno lolote duniani bila kutoka kwenye Kiingereza. Na pale ofisini penye tangazo la "No English, no service", liondolewe. Mtoto mgonjwa anayeogopa kuomba ruhusa kwa sababu hana maneno ni hatari.

ChakiNyeupe:

Mwl_Bonde umegusa pa muhimu. Naomba nirudi kwenye dakika 40 za mwuliza swali, kwenye kuzungumza.

Mwalimu akizungumza dakika 20, zinabaki 20 kwa watu 84. Ni sekunde 14 kwa kila mtoto, hata kama ungemsimamisha kila mmoja bila kupoteza muda. Wakizungumza wawili wawili kwa dakika sita tu, kila mmoja amepata dakika tatu. Ni zaidi ya mara 12. Tofauti kubwa ya hamu kati ya darasa na darasa iko hapo, kwa sababu lugha usiyoitumia kwa kinywa chako inabaki mali ya mwalimu.

Kinachoharibika kwenye kazi ya wawili wawili kinajulikana. Kelele: kubali, ila weka ishara moja ya kunyamaza, mkono juu, na ifanyieni mazoezi siku ya kwanza. Kurudi kwenye Kiswahili: kunatokana na kazi isiyo na mipaka. Ukisema "discuss your family" watazungumza Kiswahili, maana hawana pa kuanzia. Ukiandika ubaoni "How many ... do you have?" na "I have ...", na kazi ni kumwuliza jirani kuhusu vitu vinne na kujaza jedwali, watabaki kwenye Kiingereza. Pengo la taarifa ndilo linalowasukuma: mmoja awe na kitu ambacho mwenzake hana na anakihitaji ili amalize.

Na acheni majibu ya pamoja. "Are we together?" "Yeees!" "Plants make their own foo...?" "Food!" Darasa linasikika limechangamka, lakini watoto 60 wanafuata sauti za 10. Mwalimu anatoka ameridhika, na waliopotea wamejifunza kwamba hakuna atakayewatafuta. Badala yake kila mmoja aandike jibu la neno moja kwenye kipande cha karatasi na anyanyue. Kwa sekunde 20 umeona darasa zima.

Dada_Sarufi:

Nami niongeze kidogo kuhusu sababu ya kujifunza. Watoto wanaambiwa Kiingereza ni ajira. Kwa mtoto wa miaka 14 ajira iko mbali mno, tena nyumbani anawaona kaka zake waliomaliza kidato cha nne wakiwa hawana kazi. Wapeni matumizi ya wiki hii. Waje na maganda na makopo kutoka nyumbani: boksi la dawa, mfuko wa mbegu, lebo ya dawa ya mimea ikiwa imesafishwa au imenakiliwa kwenye karatasi. "Shake well before use." "Keep out of reach of children." "Take one tablet three times a day after meals." Ni sentensi za amri, fupi, zinarudiarudia maneno yaleyale, na mtoto akiweza kumsomea bibi yake maelekezo ya dawa jioni hiyohiyo, hahitaji kuhubiriwa umuhimu wa Kiingereza.

Mwl_KidatoKwanza:

Mungu awabariki walimu wangu. Nimeandika yote. Limebaki moja: swali la maana chini ya kila insha, kwa madaftari 84. Inawezekanaje?

Dada_Sarufi:

Usiyakusanye yote siku moja, mwalimu. Gawa darasa mafungu matano, madaftari 17 kwa siku, fungu la mwisho 16. Insha iwe ya maneno 60, si kurasa mbili. Kwa lengo moja na swali moja, daftari linachukua kama dakika mbili, kwa hiyo ni nusu saa na dakika chache kila siku. Wale wasio zamu yao wabadilishane na jirani na watafute kosa la wiki hiyo tu, kwa penseli. Anza na fungu lenye watoto walioacha kunyoosha mikono. Hao wamesubiri muda mrefu kusomwa.